Tetere wa Sabra

Mwaka ule kiwanda cha kamba kilipopunguza watu na mitumba ikajaa Ngamiani, Rahimu alirudi nyumbani jioni moja, akala wali, akanawa, kisha akampiga mkewe mkononi kwa mpini wa jembe. Mfupa ulilia ko! Sabra alipiga ukelele, maana uchungu aliupata wote. Lakini aliyevunjika ni tetere, mmoja wa wale njiwa-mwitu waliojenga viota darini. Alianguka kutoka kwenye boriti, bawa linaning'inia, na paka watatu wa nyumba wakamla palepale.

Basi ikawa ndiyo desturi. Ngumi ya Rahimu ilitoboa jicho la tetere. Teke lake lilipasua kifua cha tetere mwingine. Maumivu ya Sabra, jeraha la ndege. Paka waliacha kuwinda. Ikikaribia magharibi walikaa chini ya boriti wakijilamba, wamenenepa kuliko paka wa wauza samaki. Na tetere hawakuhama. Walikuwa na makinda. Nani ahame na makinda?

Sabra alitaka talaka yake. Alimfunga tetere mmoja kwenye pembe ya kanga, akampelekea Mzee Shehe, balozi wa nyumba kumi.

"Shikamoo, Mzee. Taya la huyu lilikuwa langu."

"Marahaba, mwanangu." Mzee alivaa miwani, akamgeuzageuza ndege. "Naam, hii ngumi. Tena ngumi ya Rahimu, naijua. Lakini uso wako mzima. Na wazee walisema ndege hakai penye ugomvi. Nitamwambiaje mtu atoe talaka, na nyumba yake imejaa tetere?"

"Naumia, Mzee."

"Mungu kakupa kinga. Shukuru."

Kinga! Sabra alirudi kwake na hasira hata machozi yakakataa kutoka.

Kufika mfungo mosi, Ramadhani imekwisha, alibaki tetere mmoja, kipofu. Sabra akamwendea jirani yake Mboni.

"Huyu akienda, shoga, nakufa mimi. Nilaze kwako, hata jikoni."

Mboni alilia, tena alilia kwelikweli. "Mume wangu atasema nini, Sabra? Na watu je?"

Kesho yake alasiri wanawake wa mtaa walimiminika uani kwa Sabra, kila mmoja na tenga lake. Waliagiza tetere mpaka Maramba. Mboni alileta wake mwenyewe, akampapasa kifua mbele ya Sabra.

"Huyu mnene, shoga. Huyu atahimili."

Sabra hakumpokea. Mboni akamrusha mwenyewe juu ya boriti. Paka watatu wakainua vichwa.

Rahimu akatokea. Aliegemeza baiskeli ukutani, akawaamkia wanawake kwa adabu, mmoja mmoja, akauliza hali za watoto.

"Ndege wameshaletwa?"

"Wameshaletwa, shemeji," alijibu Mboni, akasogea kando ya mlango apite.