Jetoni za Wanaume Watatu

Saa mbili asubuhi Kabedi alikuwa amesimama kwenye bwawa la kuoshea madini, maji mekundu yamemfika magotini, na wanaume watatu amewafunga tumboni kwa kitenge.

Si wanaume wenyewe, bali jetoni zao. Kila aliyepita geti la machimbo alivishwa jetoni shingoni: kidude cha plastiki nyeupe, ukubwa wa kiberiti, chenye taa ya kijani inayowaka na kuzimika. Walipozileta, mwaka mmoja nyuma, bwana mmoja mwenye kofia ngumu mpya kabisa aliwaeleza wachimbaji kwamba kidude hicho kinatuma habari hewani, bila waya, hadi bureau, ofisi ya usalama, na huko bureau wanaona kwenye skrini kila mtu aliko, dakika kwa dakika. Wanunuzi wa ng'ambo wanataka hivyo, alisema. Tena ni kwa faida yenu. Shimo likianguka, tutajua nani yuko wapi. Watu wakapiga makofi. Kabedi hakupiga.

Alikuwa na sababu zake. Mwaka wa tisini na tatu, yeye akiwa na miaka sita, walikuja nyumbani kwao hapa hapa Kolwezi na orodha ya watu wenye asili ya Kasai. Baba yake, Mukendi, alikuwa karani wa stoo, mtu wa tai na kalamu mfukoni, na jina lake lilikuwa limeandikwa vizuri sana, herufi zote mahali pake. Wakaambiwa warudi kwao Kasai, mahali ambapo baba mwenyewe hakuwahi kukanyaga. Walilala stesheni wiki tano wakingoja treni. Mdogo wake alizikwa nyuma ya reli. Toka siku hiyo mzee Mukendi hakukubali tena kuandikwa popote, hata kwenye daftari la kanisa, na padri alipomuuliza alicheka tu. Kabedi alirudi Kolwezi akiwa mke wa mtu, na kutoamini akarudi nako.

Kwa hiyo jetoni ilimkera toka siku ya kwanza. Usiku aliifunika kwa sufuria, na Omer, mumewe, akamcheka hadi machozi. Huyo Omer Lukusa alikuwa mtu wa kucheka na kila kitu.

"Yee mama, hii haina masikio. Inaonaka tu fashi, pahali muntu eko."

"Njo ile inaniogopesha," Kabedi alimjibu. "Anayetaka kujua fashi niko kila dakika, anatafuta nini?"

Lakini njaa haina muda wa maswali. Sheria ilisema mtu asichimbe chini ya mita thelathini. Jetoni ikishuka zaidi ya hapo, au ikipotea hewani dakika kumi, king'ora kinalia bureau, na timu nzima inatolewa nje. Sasa mwambie mtu achimbe juu ya mita thelathini, ambako mawe mazuri yalikwisha zamani, katika mwaka ambao bei ya kobalti ilikuwa imeporomoka hadi gunia zima halitoshi hata unga wa wiki! Mshipa mzuri ulikuwa mita arobaini na tano. Kila mtu alijua. Depo ya kununulia, iliyokuwa ndani ya ukuta huo huo, ilipokea mawe meusi ya arobaini na tano na kuandika thelathini, bila kupepesa macho.

Wanaume wakapata dawa yao: kabla ya kushuka, kila mmoja alivua jetoni na kumpa mkewe, au dada yake, pale bwawani. Ikawa desturi, na Kabedi alibeba ya Omer na za wenzake wawili wa shimo la kumi na mbili, Dodo na Ngoy. Kwenye skrini, basi, wachimbaji wa Kasulo, mtaa huo wa Kolwezi, walikuwa waosha madini hodari, wa kukaa majini kutwa nzima. Wanawake wenyewe waliona kwamba hilo litachekesha bureau, wakajipangia zamu. Saa nne mmoja hukusanya jetoni zote na kwenda kuzungukazunguka nazo karibu na choo cha wanaume. Saa sita mwingine huketi nazo pale wanaume wanapokulia bukari, ugali wao. Mama Mbuyu, mkubwa wao, alizoea kusema kwamba hajawahi kuwa na wanaume wengi hivyo maishani mwake.

Bureau hawakujua? Barnabé, aliyekaa mbele ya skrini, aliimba sauti moja na Omer kwenye kwaya ya parokia. Jumapili moja, nje ya kanisa, alimshika Omer bega: "Kaka, weye kwenda choo mara mingi hivi, ni tumbo?" Wakacheka wote wawili. Kabedi aliona kicheko cha Barnabé kikikatika mapema kuliko cha mumewe. Alimwambia Omer wakiwa njiani kurudi: huyu anajua, na anayejua akanyamaza ana siku yake. Omer akasema Kabedi anatuhumu mpaka kivuli chake.

Na wangeenda wapi? Juni ile askari walikuwa wanawatimua wachimbaji kwenye kila eneo la makampuni, na wengi walikwisha rudi Mutshatsha na Kasaji kuchoma makaa. Hapa ndani ya ukuta ndipo palipobaki. Anayetolewa hapa ametolewa Kolwezi.

Siku hiyo, saa saba na nusu, udongo ulitikisika.

Haikuwa kishindo. Ilikuwa kama mtu mzito amekaa ghafla kwenye kitanda kibovu. Maji ya bwawa yakafanya mikunjo. Kisha shimo la kumi na mbili likapumua vumbi jekundu, na Nkulu, aliyekuwa juu akivuta kamba ya magunia, akaanguka chali.

Kabedi alifika kwanza. Nkulu alikuwa bado ameshika kamba.

"Iko nyepesi," alisema. "Kabedi, kamba iko nyepesi."

"Beko chini?"

"Bote batatu. Omer, Dodo na Ngoy. Balikuwa kule mwisho, ku arobaini na tano."

Kabedi akapiga magoti, akaita jina la mumewe ndani ya shimo. Halikurudi lolote ila vumbi. Aliita tena na tena, hadi sauti ikakwaruza. Alipogeuka, Nkulu alikuwa anatazama jetoni yake mwenyewe shingoni, halafu kibanda cha askari, halafu jetoni tena.

"Mi sikuona kitu," akasema taratibu, na akaondoka bila kukimbia.

Kwenye mashimo mengine wanaume walikuwa wanapanda juu haraka. Kabedi alidhani wanakuja na koleo. Walikimbilia bwawani. Kila mmoja alinyoosha mkono kwa mkewe, akachukua jetoni yake, akajivika. Kufumba na kufumbua machimbo yote yakawa ya watu wakweli, kila mmoja amesimama mahali skrini inaposema amesimama. Waliobaki uongo walikuwa watatu tu, tumboni mwa Kabedi.

Akakimbilia bureau. Ilikuwa kontena jeupe lenye kiyoyozi, na baridi yake ikamshika miguu iliyolowa. Barnabé alikuwa kwenye kiti chake. Nyuma yake alisimama Kabamba, directeur, yaani mkuu wa usalama, mtu mpole wa sauti, mwenye kucha safi.

"Tata directeur, shimo ya kumi na mbili imeanguka. Kuko bantu batatu ndani. Tata, nakulomba, batume bantu ba kuchimbula."

Kabamba hakuharakisha. "Barnabé, mashini inasema nini?"

"Ku kumi na mbili hakuna muntu, chef."

"Bwana yako njo nani, mama?"

"Omer Lukusa."

"Tafuta Omer Lukusa."

Barnabé aliandika jina. "Eko hapa, chef."

"Hapa wapi?"

"Hapa. Mu bureau."

Wote wawili wakamtazama Kabedi, wakamshusha macho hadi kwenye kitenge. Barnabé ndiye aliyegeuka kwanza.

Kabedi aliona njia mbili tu, na zote mbaya. Akizitoa, amekiri, na hakuna tena machimbo kwake wala kwa ukoo wake. Asipozitoa, Omer yuko bureau, mzima, kwenye kivuli. Alijichukia kwa kusita hata kwa pumzi hiyo moja. Akafungua kitenge. Akaweka mezani jetoni tatu, zimelowa jasho, taa zake zikiendelea kuwaka na kuzimika.

"Tata, bantu beko chini. Jetoni njo hizi. Mi njo nilikuwa nabeba. Munifunge mi, lakini muchimbule bale."

"Donc, basi unakubali mulikuwa munadanganya mashini."

"Ninakubali."

"Toka lini?"

"Toka mwanzo. Na munajua."

Ilimponyoka. Kabamba alitabasamu kidogo. "Nani anajua, mama?"

Kabedi akamtazama Barnabé. Shingo ya Barnabé ilikuwa imelowa, kiyoyozi au si kiyoyozi. "Mi sijui kitu, mama," alisema, akiiambia skrini.

Kabamba akamvutia Kabedi kiti. Akamimina maji ya chupa kwenye glasi, akampa kwa mikono miwili, kama mgeni wa heshima. Hapo ndipo Kabedi alipoogopa kweli. Mkubwa ambaye ametoka kukudaka na wizi wako halafu anakupa maji amekwisha pata anachotaka.

"Asante," Kabamba alisema. "Umetusaidia sana." Akachukua jetoni zote tatu, akatoka nje na simu. Aliongea Kifaransa, na Kabedi alielewa cha kutosha: aliyeko upande wa pili alikuwa anauliza kama kuna mtu, na Kabamba alikuwa anajibu hapana, hakuna hata mmoja, tutafunga leo.

King'ora kikalia. Askari wakaingia kwa mstari, fimbo mkononi, wakipaza sauti kwamba eneo ni la hatari na kila mtu atoke. Hakukuwa na muda wa kubeba kitu. Watu walitoka na miguu ya matope, wakiacha magunia yao yaliyojaa pembeni mwa bwawa, na depo ya kununulia ikafunga mlango. Juu ya geti palikuwa na namba nyekundu, idadi ya wachimbaji na waosha madini waliomo ndani. Ilikuwa mia nne na kumi na mbili. Kila jetoni iliyogusishwa kwenye chuma cha geti ilipunguza moja.

Karibu na shimo la kumi na mbili katapila ilikuwa imewashwa, ikingoja. Kanuni ya kampuni ilikuwa wazi, na ilibandikwa ukutani kwa lugha tatu: mashine nzito isisogee mpaka namba isome sifuri.

Askari wawili walimtoa Kabedi kwenye kontena, mmoja kila mkono. Njiani alimwona Mama Mbuyu. "Mama! Sema! Sema ule Omer alinipa jetoni, uliona!" Mama Mbuyu alitazama chini, machozi yanamtiririka, na akaendelea kutembea na mwanawe aliyetoka salama shimo la tisa. Hakuna aliyesema. Walikuwa wanafukuzwa tayari, na bado walikuwa na kitu cha kuogopa.

Jetoni ya Kabedi iligusishwa, na namba ikasoma tatu.

Akapumua. Tatu! Hata mashine inakiri kuna watatu ndani! Akamwonyesha askari kwa kidole, akapiga kelele, "Angaria! Beko batatu! Inaandika batatu!" Askari alitazama juu, na kwa dakika moja akawa kama anayesita.

Ndipo Barnabé akaja kutoka kontena. Alikuwa peke yake, mikono imeshushwa. Akafika kwenye chuma cha geti, akafungua kiganja chenye jetoni tatu zile alizoondoka nazo Kabamba, akagusisha ya kwanza. Mbili. Ya pili. Moja. Ile ya tatu aliishika muda, kidole gumba kikisugua plastiki. Kabedi aliita jina lake, alimwita kaka. Barnabé akaigusisha.

Katapila ikaanza kusogea.

Asubuhi iliyofuata walikuja nyumbani kwake Kasulo, polisi wawili na Barnabé. Kabedi alikuwa ameketi mlangoni na nguo zile zile, miguu bado ina matope. Mkubwa wa polisi alikuwa na karatasi iliyotoka kwenye mashine, namba na saa zimepangwa safi.

"Mama, bwana yako eko wapi?"

Kabedi hakuelewa swali. Akamtazama Barnabé, na Barnabé akapokea karatasi, akaisoma bila kuinua kichwa: Lukusa Omer, ametoka getini saa tisa na dakika kumi na mbili. Dodo naye, Ngoy naye. Watatu wameichezea mashine ya kampuni kwa miezi, kisha wametoka na hawaonekani. Wanatafutwa.

"Eko ku kumi na mbili," Kabedi alisema. "Chini ya udongo. Huyu anajua. Mumuulize huyu."

"Karatasi inasema alitoka."

"Karatasi haina macho, tata. Muende muchimbule. Mutamukuta."

"Kule kumefungwa," polisi alisema, si kwa ukali. Akamgeukia mwenzake. "Andika: bibi anakatala kuonyesha fashi bwana amejificha."

Mwenzake akaandika. Kisha wakaingia ndani kupekua. Nyumba ilikuwa chumba kimoja na haikuchukua muda. Walihamisha sufuria, wakafungua gunia la nguo, mmoja akapiga magoti na kumulika tochi ya simu chini ya kitanda, akiita, "Omer! Toka!" Barnabé alibaki uani akitazama ukuta wa kampuni, ambao ulianzia pale pale nyuma ya choo cha jirani. Mngurumo wa katapila ulisikika upande wa pili.

Polisi akatoka na jozi ya viatu vyeusi, vimepakwa rangi vizuri, kamba zimefungwa.

"Hivi ni vya nani?"

"Vya Omer."

"Basi alirudi," akasema, akamtazama mwenzake. "Andika: viatu vya mutuhumiwa vimekutwa nyumbani."

"Vile ni vya Jumapili, tata," Kabedi alisema. "Mu shimo banashukaka miguu wazi."

Hilo halikuandikwa. Polisi alivitia viatu kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga fundo, kisha akamwambia Kabedi avae vyake, kwa kuwa naye atakwenda nao.