Safu Mbili za Maswali

Orodha ya ukaguzi wa asubuhi ilikuwa na vipengele saba nilipoikuta. Leo ina kumi na viwili, na hivyo vitano vya ziada nimevibuni mimi. Unyevu wa chumba hauna kazi yoyote kwetu, wala hali ya bawaba za mlango, lakini kila kipengele kinamlazimisha mtu wa kituo cha pili kunijibu neno moja zaidi kwenye simu ya kazi, na mtu huyo ni mume wangu. Mkuu wetu mpya, tunayemwita Desimali kwa kuwa hata ukimtajia saa anadai na sekunde zake, aliiona ile orodha, akaisifu mbele ya watu, akaigonga muhuri. Ulaghai wangu sasa ni utaratibu rasmi.

Basi kila siku saa mbili asubuhi nanyanyua simu.

"Kituo A hapa."

"Kituo B. Nakusikia."

"Joto la chumba?"

"Ishirini na mbili."

"Bawaba?"

"Hazijambo."

Hiyo "hazijambo" naitafuna mpaka mchana. Kwa miaka miwili na miezi saba hayo ndiyo maongezi yetu ya ndoa. Jumapili yeye hupiga simu nyumbani kuongea na binti yetu, ambaye tangu ajue kusema hajanyamaza, ndiyo maana tunamwita Chiriku. Mimi nampa mtoto simu bila hata salamu, kisha nasimama nyuma ya mlango wa jikoni nikijifanya nafuta sahani.

Aliyemfukuza mume wangu ni mimi. Alikuwa akirudi nyumbani mwili tu, akili ameiacha kazini. Siku moja alisahau kumchukua mtoto shuleni. Nilimkuta Chiriku amekaa getini na mlinzi, anamsimulia kisa cha nne, mlinzi wa watu hoi. Nilipofika kwa baba yake ulimi ukanitangulia. Nikamwambia akaishi na mashine zake, na asikanyage kwangu mpaka ajue nyumbani ni wapi. Yeye si mtu wa kujibizana. Aliomba kwenda kituo B kwa miezi sita, na miezi sita ikazaa mingine sita. Mimi nilingoja apige aseme samahani. Yeye, nadhani, alingoja nimwambie rudi. Vichwa vyetu vyote viwili ni vigumu. Nilimkumbuka kila siku iliyokuja, na nilichotaka ni kimoja tu, arudi.

Kazi yenyewe nitaieleza kwa ufupi, maana watu wakiisikia huanza kuangalia simu zao. Chumba changu hakina dirisha. Ndani yake leza inapiga fuwele isiyozidi punje ya mchele, na mara mojamoja humo hutoka chembe mbili za nuru zilizozaliwa pamoja. Moja naibakiza kwangu. Ya pili inaingia kwenye uzi wa kioo uliofukiwa ardhini na kusafiri kilomita mia moja na kumi hadi kwa mume wangu. Kila chembe inaulizwa swali moja kati ya mawili, kwa kugeuza kioo pembe hii au ile, nayo inajibu ndiyo au hapana. Ukitazama majibu ya upande mmoja unaona vurugu tupu. Ukiyaweka ya pande zote mbili sambamba, unakuta yanaelewana kupita kiasi. Kama pacha hao walipanga majibu yao kabla ya kuachana, alama ya maelewano haiwezi kuvuka mbili. Zetu huvuka. Wenye shughuli zao wanataka kutumia maelewano hayo kutengenezea funguo za siri za kufungia barua, lakini chembe zenyewe hazibebi ujumbe. Huwezi kumtumia mtu hata salamu kwa njia hiyo. Nimeshaitafuta njia kuliko mtu yeyote, niamini.

Sharti ni moja. Maswali lazima yachaguliwe kwa uhuru, kila upande bila kujua mwenzake anauliza nini. Waulizaji wakifanana, alama yoyote mtakayopata ni ya kujidanganya, sawa na mtihani uliovuja.

Kwa kawaida maswali huchaguliwa na mashine. Safari hii Desimali alitaka binadamu.

"Mashine zote mbili zimetoka kiwanda kimoja," alisema. "Nani ajuaye walichozitia? Binadamu ana hiari yake. Akae mtu kila kituo, kila baada ya sekunde mbili mlio utalia, abonyeze kitufe cha kushoto au cha kulia, vyovyote roho inavyomtuma."

Alituletea fomu. Swali la sita liliuliza kama mbonyezaji ana uhusiano wa damu na mwenzake. Nikaandika hapana. Mume si damu, na Desimali alikuwa na wiki tatu tu pale kazini, hakuna aliyejisumbua kumhadithia mambo ya nyumbani kwangu. Mume wangu naye, huko aliko, aliandika hapana.

Tulibonyeza siku tatu, vipindi vinne kwa siku, dakika arobaini kila kipindi. Simu zetu za mkononi zilifungiwa kabatini kila kituo. Usidhani kubonyeza bila mpango ni kazi nyepesi. Dakika kumi za kwanza unajiona mjanja, unamkwepa hata shetani. Baada ya hapo ubunifu unakauka, mlio unalia tu, na wewe unabonyeza huku ukiwaza kama mtoto amevaa sweta.

Siku ya nne nikajumlisha. Alama ilikuwa mbili nukta saba. Watu walipiga makofi, Desimali akapangusa miwani yake mara mbili. Mimi nikabaki kwenye kiti kufanya ukaguzi wa mwisho, ambao ni kulinganisha maswali yenyewe, safu yangu na safu yake. Watu wawili wasiojuana wanapaswa kulingana mara hamsini katika mia.

Sisi tulilingana mara sitini na nane. Nikarudia, ikaja ileile. Nikamwita mkuu.

"Sitini na nane nukta ngapi?" akauliza, halafu maana ikamfika, akakaa. "Mlikuwa mnapigiana simu?"

"Simu yangu ilikuwa kabatini kwako na ufunguo mfukoni mwako, mkuu."

"Mna undugu?"

"Ni mume wangu."

Alinitazama kama mtu aliyeuziwa saa isiyo na mashine ndani.

"Fomu uliandika hapana!"

"Fomu iliuliza damu."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema kila mmoja wetu aandike maelezo yake peke yake, na mpaka yatakapopatikana yote mawili tusizungumze, hata ule ukaguzi wa asubuhi umesimamishwa. Niliona kama nimenyang'anywa chakula mdomoni. Kesho yake saa mbili niliitazama ile simu mezani, nikajua ya kwamba kule nako kuna mtu anaitazama ya kwake, au haitazami, na sikuwa na namna ya kujua lipi ni lipi.

Nikarudi kwenye safu. Mwanzoni mwa kila kipindi tulikuwa huru kabisa, kila mtu na lwake. Kuanzia kama dakika ya kumi, wakati wa kuchoka, zinaanza kukutana. Kushoto kushoto kulia. Kushoto kushoto kushoto kulia kulia. Zinapotezana kidogo, zinakutana tena. Nilikuwa nausoma mpango huo huku kiganja kikiufuata juu ya meza, na kiganja ndicho kilichonikumbusha.

Chiriku alipokuwa mchanga tumbo lilimsumbua sana. Akishanyonya hacheui, analia mpaka anakuwa mwekundu. Baba yake ndiye aliyegundua dawa. Umlaze begani, umpigepige mgongoni mara mbili, umsugue mara moja. Umpige mara tatu, umsugue mara mbili. Nilimcheka sana, nikamwambia hata kucheulisha mtoto anataka fomula. Lakini mtoto akakataa namna nyingine yoyote, ikanibidi nijifunze. Tulipokezana kwa miezi mitano, mmoja akichoka mwenzake anadakia palepale alipofikia, bila kusema neno. Tuliwahi kupendana hivyo, na nilikuwa nimesahau.

Chembe za nuru hazipangi kitu kabla ya kuachana, hilo tumelipima mpaka tumeridhika. Sisi tulikuwa tumepanga, miaka tisa iliyopita, sebuleni, na mate ya mtoto begani.

Nililia pale pale, sitaficha. Kisha nikajikaripia. Mkono wa mtu unakumbuka hata namba ya siri ya simu iliyoibiwa zamani. Haimaanishi anaitaka ile simu. Nikajiambia, mama, usijitie ujinga. Nikachukua karatasi niandike maelezo, nikaandika tarehe, nikakwama hapo.

Saa nane mchana Desimali akaja na fomu nyingine.

"Saini hapa," akasema. "Mwenzako ameomba uhamisho wa kwenda kituo C. Mkataba wa miaka minne. Nahitaji kituo A kiseme hakina pingamizi, ili saa tisa niutume."

Kituo C kiko mbali kiasi kwamba hakina hata uzi wa kuunganishwa nasi. Hakuna ukaguzi wa asubuhi huko, hakuna bawaba. Nyuma ya fomu, yakiwa yamebanwa kwa pini, kulikuwa na maelezo ya mume wangu. Sikupaswa kuyaona kabla ya kuandika yangu. Desimali, mtu wa utaratibu, kwa hasira zake alikuwa amesahau kuyatoa. Nikayasoma kabla hajanyoosha mkono.

"Kosa ni langu," aliandika, kwa mwandiko wake ule wa kuinama. "Nilichoka kubuni, nikauacha mkono ujiendee, ukaenda nyumbani. Mwenzangu asilaumiwe, hajui lolote. Naomba niende kituo C, maana hapa nilipo nipo karibu mno na sifiki."

Nilisoma mara mbili. Desimali akanipokonya, masikio yamemwiva.

"Una pingamizi?" akauliza.

"Ninalo."

"Liandike. Sababu ya kikazi."

Niliandika, kwenye kile kisanduku kidogo, kwamba namhitaji nyumbani. Alisoma, akasoma tena. Nikategemea anidai nukta zake. Badala yake alikuna kidevu.

"Hii si sababu ya kikazi."

"Sikusema ni ya kikazi."

"Kwa utaratibu, pingamizi lisilo la kikazi linaondolewa, isipokuwa mhusika mwenyewe akilikubali." Akatazama saa yake. "Maliza maelezo yako kwanza, saini. Ukishasaini, hamkatazwi kuongea. Mimi nakwenda kunywa chai, nitarudi saa nane, dakika hamsini na tano."

Maelezo yangu yalikuwa ya mistari mitatu: kupiga mara mbili, kusugua mara moja, na sababu ya mchezo huo. Wataalamu wa vituo vyote watayasoma, wacheke mpaka wachoke. Nikasaini, nikanyanyua simu.

"Kituo B," akasema. "Nakusikia."

"Sipigi kituo. Nampigia Baba Chiriku."

Nilisikia feni ya chumba chake inazunguka.

"Umeona fomu," akasema.

"Nimeona, na sisaini. Rudi nyumbani." Sauti ikaanza kunivunjikia, nikaiacha ivunjike. "Nimekukumbuka mpaka naona haya. Yale mambo ya bawaba, ya unyevu, nilikuwa nayatunga ili uendelee kuongea."

"Najua," akasema. "Kituo hiki kina mlango wa kuteleza, Mama Chiriku. Hauna bawaba."

Nilicheka na kulia kwa pamoja, kamasi zikanitoka, simu ya serikali ikalowa.

"Ulisema nisirudi mpaka nijue nyumbani ni wapi."

"Nilisema kwa hasira."

"Hasira ya miaka miwili na miezi saba?"

"Ndiyo. Na wewe je? Ulinuna muda gani?"

"Wiki moja," akasema polepole. "Iliyobaki nilikuwa naogopa."

Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayechungulia mlangoni, kama mtoto bado hupenda kulazwa begani akiwa na usingizi, maana alipoondoka bado alikuwa akimbeba hivyo hadi kitandani.

Ningeweza kumdanganya. Nilikuwa nimezoea.

"Hapana," nikamwambia. "Ana miaka tisa. Siku hizi anafunga mlango wake, na miguu yake inazidi kitanda."

Nilimsikia akivuta pumzi, na haikutoka upesi.

"Basi nimechelewa," akasema.

"Umechelewa," nikasema. "Njoo hivyo hivyo."