Mkaa wa Kwenda Gonder

"Ifahamike kwa wote wenye masikio: kutoka Addis Ababa hadi Gonder ni kilomita mia nne na kitu hewani, na ndege hutumia muda wa saa moja tu!"

Kirubel alitangaza hayo kwa sauti ya kiranja mkuu, kidole juu, mbele ya meza ya ukaguzi katika uwanja wa ndege. Bibi yake, Zenebech, hakugeuka hata kumtazama. Alikuwa anagombania mkaa.

"Mama, mkaa hauingii kwenye ndege," askari wa ukaguzi alisema kwa mara ya nne. Mezani palikuwa na birika la udongo, jiko dogo, kahawa mbichi na fungu la majani mabichi ya kutandaza sakafuni wakati wa kunywa kahawa.

"Masaa kumi angani bila kahawa! Kichwa kikiniuma utakibeba wewe?"

"Lisaa limoja, mama!" Baba yake Kirubel alifoka. "Nikuapie?"

"Kwa basi nililala njiani Debre Markos. Leo lisaa limoja? Mnaniona mtoto?"

Kirubel alichora haraka mstari ulionyooka nyuma ya tiketi. "Bibi, basi linateremka bonde la mto Abay, linapanda, linazunguka. Ndege haina kona."

Bibi aliutazama mstari ule kama mtu anayeuziwa siagi anayoitilia shaka. "Kalamu huchora chochote."

Kirubel alitamani kung'ata meza. Tangu asubuhi alikuwa akiusema ukweli, na hakuna aliyeutaka.

"Muacheni apande, ampikie rubani!" mtu alipaza sauti kwenye foleni.

Kipaza sauti kikaita abiria wa Gonder kwa mara ya mwisho. Saa tisa alasiri, huko Gonder, Mekdes, mjukuu wake mkubwa, angetoka kwao kwenda kuolewa, na kabla ya kutoka alitakiwa kubusu magoti ya Bibi apate baraka. Ndege nyingine ilikuwa kesho.

"Kwani nani kakwambia masaa kumi, mama?" askari aliuliza.

Bibi alijaa fahari. "Msomi wetu wa shule ya bweni. Kaniletea na barua."

Akafungua pindo la shuka lake jeupe, akatoa karatasi. Baba aliisoma kwa sauti: "'Tangazo rasmi. Safari huchukua saa kumi angani. Kila abiria ajipikie kahawa.'" Akaukwaruza muhuri kwa ukucha. "Huu muhuri... umechongwa kwa kiazi?"

Kirubel alichunguza dari kwa umakini mkubwa.

"Kirubel!"

"Ni mimi, Baba. Ni lisaa limoja, Bibi. Nilitaka tu kuona kama utabeba jiko."

Bibi akauachia mfuko wa mkaa. Akamsukumia Kirubel birika kifuani. "Likivunjika, magoti atakayobusu Mekdes ni yako, na yatakuwa yamevimba. Twende!"

Walikimbia. Mlangoni pa ndege Bibi alisimama ghafla, akaziangalia raba alizovaa chini ya gauni lake la kuendea harusini.

"Na ile ya abiria kushuka kuisukuma ndege ikikwama?"

Kirubel akalikumbatia birika.

"Hiyo pia ni mimi, Bibi."