Injini Iliyozibwa Pumzi

Mume wa mdogo wangu anauza mapazia. Ni kazi ya heshima, lakini yeye hujiita Mkurugenzi, na watu wamemwachia jina hilo kama mtoto anavyoachiwa simu mbovu achezee.

Siku aliyonunua gari jekundu la milango miwili, lenye tabo, ile feni inayoisukumia injini hewa, alinijia nalo gereji. Hakuja kutengeneza, alikuja nilione. Mimi ni fundi wa injini, mwaka wa ishirini na mbili huu. Mdogo wangu alikuwa kwenye kiti cha abiria, mkoba mapajani.

Akafungua boneti. Ndani kuling'aa kuliko kabati la vyombo vya wageni. Pembeni amefunga kopo lenye rangi ya fedha, zuri, lakini halijaunganishwa na chochote. Na juu ya kifuniko cha injini, yale matundu mawili yanayopaswa kuwa na mipira ya kutolea hewa ameyaziba kwa bolti. Bolti zenyewe kazipaka rangi nyekundu.

"Shemeji," nikamwuliza, "injini hii inapumulia wapi?"

"Injini si mbuzi, shemeji!" Akacheka. "Ile mipira ilikuwa inatoa mvuke wa oili, inachafua. Nimeing'oa."

"Na kopo hili linafanya nini?"

"La mashindano hilo. Wakimbiza magari wote wanalo."

Mtu mzima na ndevu zake, kanunua kofia ya rubani akadhani atapaa.

Nikamweleza taratibu: pistoni zikisukumwa, moshi kidogo hupenya kwenye ringi ukaingia tumboni mwa injini. Tabo ikikazana, unapenya mwingi zaidi. Usipoupa njia, utajitafutia wenyewe. Akapiga miayo. Basi nikafungua kizibo cha oili, nikavisha glavu ya mpira kwenye tundu, nikamwambia awashe. Glavu ikavimba, vidole vikasimama kama chuchu za ng'ombe aliyesahauliwa kukamuliwa.

"Unaona nguvu hiyo?" akasema kwa fahari. "Mpaka inabaki!"

Mdogo wangu akachungulia. "Sasa huo upepo ukikosa pa kutokea?"

"Mke wangu, haya ni mambo ya kitaalamu."

Akafunga boneti. Sikio la kufa halisikii dawa, nami nikanyamaza.

Jumapili tulikwenda kwenye uwanja wa ndege wa zamani, ambako magari tisa yalikimbia moja moja yakipimwa kwa saa. Mkurugenzi alivaa ovaroli nyeupe yenye jina lake mgongoni. Mzunguko wa kwanza ulimwendea vizuri. Wa pili, tukasikia mlio kama chupa iliyozibuliwa: stiki ya kupimia oili imeruka, sili inayozuia oili nyuma ya injini imeachia, oili inamwagikia bomba la moto la ekzosi. Moshi ukatanda. Mkurugenzi akachomoka mbio, mlango wazi, kiatu kimoja nyuma. Aliyekimbilia gari na mtungi wa kuzimia moto alikuwa mdogo wangu.

"Oili feki," alisema mumewe alipopata pumzi. "Wauzaji siku hizi hawana utu."

Gari lililetwa kwangu kwa kamba, na mdogo wangu akaja nalo. Tulibadilisha sili, tukang'oa zile bolti. Kopo lilikuwa tupu kama ahadi za mwenyewe, kwa hiyo tukalijaza nyuzi za chuma za kusugulia sufuria ili zinase oili, tukashusha mipira miwili minene kutoka kwenye kifuniko hadi kwenye kopo, na mmoja kutoka hapo hadi bomba linaloingiza hewa kwenye tabo.

"Kwa nini kabla ya tabo, si baada?" akauliza mdogo wangu.

"Kabla yake kuna mvuto. Baada yake kuna msukumo. Utakuwa unaipuliza injini tumboni."

Alikata mpira mmoja mfupi mno, akasonya, akakata mwingine. Tulipojaribu tena, glavu ilinywea.

Mashindano ya mwezi uliofuata, mdogo wangu alisema ataendesha yeye. Mkurugenzi alicheka peke yake. Mdogo wangu alishika nafasi ya nne, injini kavu kabisa. Mumewe alikuwa keshasimama mbele ya boneti akitangaza, "Mfumo huu nimeubuni mwenyewe!"

Dereva mmoja mkongwe akamwuliza, "Mpira wa kutokea umeurudisha kabla ya tabo au baada?"

Mkurugenzi akaitazama mipira kama mtu aliyesahau majina ya wakwe. Kisha akaweka simu sikioni, simu isiyolia, akaenda zake. Mkewe ndiye aliyejibu, helmeti kwapani.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mdogo wangu akanigeukia.

"Dada, inatosha. Kama ni mjinga, ni mjinga wangu. Na wewe ulijua gari litapasuka ile Jumapili, ukanyamaza upate cha kucheka."

Bolti mbili zile ningezitoa kwa dakika tano tu. Nilitaka kuona.

Akanikabidhi helmeti, akamfuata mumewe nyuma ya magari. Sikusikia walichosema. Waliondoka pamoja, mdogo wangu kwenye usukani, na Mkurugenzi alifunga mkanda bila kuambiwa.