Siku Baba Pacha Alipouma Mwiko

Gari lao lilikuwa limeanza kutetemeka kama mtu mwenye homa. Likiwashwa tu, vioo vya pembeni vilicheza, vijiko vilivyosahaulika kwenye droo ya mbele viligongana, na kila Mama Pacha alipoingiza gia, kitu kizito kilijipiga kule ndani kwa kishindo, ngu! Fundi wa mtaani alifungua boneti, akamwambia akanyage mafuta kidogo, akaitazama injini inavyoruka, akaifunga boneti.

"Maunting zimekufa," alisema. "Zile raba zinazoikalisha injini. Zibadilisheni kabla haijang'oa kitu kingine."

Mama Pacha alirudi nyumbani na habari hiyo, akaifikisha kwa mumewe kwa njia yao ya siku zote: alisimama mbele yake kwenye mwanga, akayatamka maneno polepole ili asomwe midomo, kisha akaigiza kwa ngumi moja ikirukaruka juu ya kiganja. Baba Pacha alielewa kabla ngumi haijatulia.

"Nilijua," alisema kwa sauti yake ya chini. "Mgongo uliniambia zamani."

Masikio yake yalikwenda taratibu, kama maji ya kisima kinachokauka. Enzi zile akiwa dereva wa lori, alianza kwa kuuliza "eti nini?" kila mara, wenzake wakamtania kwamba anajifanya bosi. Mwisho honi ya gari la nyuma ilimpita bila habari, akaponea chupuchupu, na udereva ukaishia hapo. Zahanati walimpa dawa ya matone. Chupa ilipokwisha, tumaini nalo likaisha. Sasa alishona magodoro na viti vya makochi hapo nyumbani, na mkewe alipikia watoto wa shule. Ukimpigia kelele sikioni aliambulia mvumo tu, kama wa watu wanaozungumza nyuma ya ukuta mnene. Pacha wao, wasichana wawili, walizaliwa ukuta ule umeshajengeka. Walimpanda mabegani, walimvuta ndevu, walimwonyesha kwa vidole wanachotaka, lakini neno lao hakuwahi kulisikia hata moja. Jambo hilo hakulizungumza kamwe, na mkewe naye hakuligusa.

Jumamosi walianza kazi. Baba Pacha aliegesha gari kwenye sakafu ya saruji nyuma ya nyumba, akavuta breki ya mkono, akazuia magurudumu kwa mawe, akachomoa waya wa betri. Pacha, ambao hapo nyumbani waliitwa Wa Kwanza na Wa Pili, walikalishwa kizingitini na bakuli la karanga na onyo kali. Kisha akalaza kipande cha mbao kichwani mwa jeki, ili chuma kisije kikatoboa bakuli la oili chini ya injini, akaanza kuipandisha.

"Angalia kwa juu," alimwambia mkewe. "Ukiona injini inajiinua, nipige bega."

Mama Pacha aliinama. Miaka yote hiyo aliyoendesha gari, injini kwake ilikuwa ni kelele tu iliyokaa mbele. Sasa aliliona dude lile lote, vyuma vyake, mabomba yake, nyaya zake, likipanda polepole kama kifua cha mtu anayevuta pumzi usingizini. Lilipanda kiasi cha unene wa kidole, na mwanya mwembamba wa mwanga ukapenya mahali ambapo hapakuwahi kuwa na mwanga. Alimpiga bega mumewe, kisha akajikuta ameziba mdomo kwa mkono.

Nati ya kwanza ilifunguka kwa adabu. Ya pili ilikuwa imeoana na kutu. Waliimiminia mafuta ya kulegeza, wakanywa chai, wakairudia. Baba Pacha aliielemea spana kwa mwili mzima, nati ikapiga ukelele uliosikiwa na mkewe peke yake, ikaachia. Akaitoa maunting nje, akaipangusa, akamwekea mkewe mkononi.

Haikuzidi kipande cha sabuni. Raba ilikuwa imechanika katikati, na vile vyuma vyake viwili vimeachana kama mke na mume waliokoma kusemeshana. Mama Pacha alipitisha kidole kwenye ufa.

"Hiki?" alitamka, akiionyesha injini. "Hiki ndicho kilichobeba yote ile?"

"Kiliibeba, na kila ilipotikisika, kikaumeza mtikisiko wake ili sisi tusiuone. Kimechoka. Nani asingechoka?"

Maunting mpya ilikaa vizuri, isipokuwa tundu lake halikulingana na tundu la juu. Lilikosea kidogo sana. Injini ilitaka kusukumwa kando kidogo tu, lakini mtaimbo haukuingia kwa jinsi palivyobana. Baba Pacha aliangaza huku na huku, akaingia jikoni, akatoka na mwiko mrefu ambao mkewe alikorogea uji wa shule.

"Wee! Mwiko wangu!"

Aliisoma midomo hiyo vizuri kabisa. "Samahani," alisema, "sisikii." Akauchomeka.

Mkewe alitaka kununa, kicheko kikamwahi. Mwiko ulisukuma, matundu yakakutana, boliti ikaingia kwa vidole bila ugomvi. Upande wa pili, kwa kuwa walishaujua mchezo, haukuwasumbua. Jeki ikashushwa taratibu, injini ikakaa kwenye viti vyake vipya, nati zikakazwa mpaka mwisho, waya wa betri ukarudishwa.

"Washa," alisema Baba Pacha.

Mama Pacha aliwasha, akashangaa. Vioo vilitulia tuli. Akaingiza gia, hakuna kishindo. Gari lilinguruma chini kwa chini kama paka aliyeshiba. Aliirudisha gia, akamwonyesha mumewe dole gumba kupitia kioo, lakini mumewe alikuwa ameshaingiza kichwa chini ya boneti kukagua. Mkono mmoja ulishika taa, wa pili ulisogeza bomba la maji lililomzuia kuona, na mwiko, kwa kukosa pa kuuweka, aliubana kwa meno, kama alivyozoea kubana sindano zake za magodoro. Bapa la mwiko likagusa injini.

Baba Pacha akaganda.

Taa ilimponyoka, ikaanguka kwenye saruji. Mkewe aliona mgongo ule umekakamaa, akadhani amepigwa na umeme, akazima gari na kuruka nje huku akipiga mayowe. Lakini mumewe aliinuka mwenyewe, macho yamemtoka.

"Washa! Washa tena!"

"Una nini?"

"Washa, mama, nakuomba!"

Akawasha. Kutoka kwenye kiti alimwona mumewe akiuma mwiko tena, kwa makusudi sasa, na kuuegemeza polepole kwenye injini, mbali na mkanda unaozunguka. Alifumba macho.

"Inaongea," alisema alipoutoa mwiko mdomoni. "Si mtikisiko, mtikisiko naujua. Ni sauti. Kuna mngurumo huku chini, na kuna ka-tiki-tiki huko juu. Nimekasikia!"

Mama Pacha alizima gari. Baba Pacha aliutazama mwiko, akamtazama mkewe, akaufuta vizuri kwa pindo la shati. Akauma mpini, na ule upande mwingine akamsogezea mkewe mdomoni.

Mkewe alielewa. Aligusisha meno kwenye bapa. Ladha ilikuwa ya oili na moshi wa jikoni. Sasa aseme nini? Maneno mangapi alikuwa ameyameza miaka hiyo, kwa kuwa hayakustahili kupigiwa kelele! Yote yalimjia kwa pamoja, yakasukumana, na lililotoka, likipita katikati ya meno, ndilo lililokuwa karibu na mlango.

"Umeniharibia mwiko."

Baba Pacha alicheka. Alicheka huku machozi yanamporomoka mashavuni na kuchora njia kwenye grisi, na mpini bado uko menoni.

"Nimekuharibia mwiko," alisema. "Mke wangu, nimekusikia. Sauti yako haijabadilika hata kidogo."

Pacha walikuwa wameshaacha karanga na onyo, wamekuja kuangalia mchezo huu wa wazazi kula mwiko mmoja. Baba yao alipiga magoti kwenye saruji. Wa Kwanza alielekezwa na mama yake namna ya kuuma, akasema neno moja, "Baba." Wa Pili, ambaye hakupenda kutanguliwa na mtu, aliudaka mwiko akaanza kuimba wimbo wa kuhesabu vidole, akachanganya vidole, akaurudia kutoka mwanzo. Baba Pacha hakusogea. Alisikiliza kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa pomoni, anaogopa hata kupumua yasimwagike.

"Huyu ana mkwaruzo," alisema hatimaye, akimshika Wa Pili kidevu. "Huyu mwingine sauti yake laini. Sikujua kama zinatofautiana." Akamgeukia mkewe, bila lawama yoyote. "Hukuniambia."

"Ningekuambiaje?" alitamka mkewe.

Wiki ile ile, gari likiwa limetulia, Mama Pacha alimpeleka hospitali ya masikio. Daktari, mama wa makamo mwenye haraka, alisikiliza kisa cha mwiko mpaka haraka yote ikamwisha. Alichukua chuma chenye ncha mbili, akakigonga, akakiweka kwenye mfupa nyuma ya sikio la Baba Pacha, na Baba Pacha akaitikia kwa kichwa.

"Sikio la ndani ni zima," daktari alimweleza Mama Pacha. "Kuna kifupa kidogo, kidogo kuliko punje ya mchele, kimegoma kucheza, basi sauti inaishia mlangoni. Lakini ikipitia kwenye mfupa wa kichwa, inaingia. Tutampa kifaa cha kuvaa, na baadaye tutazungumzia upasuaji."

Kifaa chenyewe kilichelewa, wakaambiwa warudi, wakarudi. Siku kilipopatikana, daktari alikibana nyuma ya sikio, akakirekebisha kidogo kidogo, akamuuliza mgonjwa anajisikiaje. Baba Pacha alijibu kwamba daktari ana mafua. Na ni kweli, alikuwa nayo.

Walitoka, wakaushika ukumbi mrefu wa vigae kuelekea nje. Katikati ya ukumbi Baba Pacha alisimama ghafla na kumshika mkewe mkono.

"Hicho nini?"

Mama Pacha aligeuka huku na huku. Hakusikia kitu. "Kipi?"

"Hicho kinachotufuata. Chap, chap. Tukisimama, nacho kinasimama."

Mama Pacha alifikiri, kisha akaangalia chini. "Ni kandambili zangu," alisema.

"Hebu tembea."

Alitembea hatua chache, akageuka. Wagonjwa waliokuwa kwenye mabenchi walianza kuwatazama, na mwanamke mmoja akamnong'oneza mwenzake jambo. Baba Pacha aliegemea ukuta, kichwa kimeinama upande mmoja, uso umeng'aa.

"Mpaka kule mlangoni," alisema, "halafu urudi."

Naye, mtu mzima na mkoba wake begani, akaenda mpaka mlangoni na kurudi.