Tanga la Jogoo

Derna alifika makumbusho ya mashua akisukuma mkokoteni, tanga la marehemu baba yake limekunjwa ndani. Alikuwa amevaa hereni zake za harusi. Leo mashua ya baba, iliyofungwa gatini pamoja na nyingine za zamani, ingevuliwa tanga jipya la kuigiza waliloliweka makumbusho na kupandishiwa lake la kweli, lenye jogoo mwekundu, mji mzima ukiona. Alikuwa ameipigania siku hiyo mpaka wakubwa wa makumbusho wakachoka naye.

Mlangoni, penye ghala la zamani la chumvi, aliyekuwa akikata tiketi ni Iside, bibi aliyemkera kuliko watu wote mjini.

"Tiketi."

"Nilipie kuiona mashua ya baba yangu?"

"Baba yako keshaoza, bibi wewe. Anayeingia ni wewe. Na hilo tambara lako linanuka panya."

"Sisi angalau tunalo. Ninyi kwenu kumebaki nini?"

Lilikuwa neno baya, na Derna alilisema kwa raha. Baba yake Iside alitoka kuvua asirudi, na mkewe akawa anashinda gatini akikagua kila tanga linaloingia. Enzi hizo kila ukoo ulichora alama yake, na wanawake waliwatambua waume zao kwa mbali. Alama ya kina Iside ilikuwa gurudumu. Mama yule alilitafuta gurudumu mpaka akafa, na kina Derna walimcheka, Mungu awasamehe.

"Jamani, mama zangu, watu wanatazama," alisema Oddone, fundi wa makumbusho, akalichukua tanga, akalifunga kwenye mlingoti wa mashua pale gatini mbele ya mlango, akavuta kamba.

Tanga likapanda. Watu wakapiga makofi.

"Kodoa macho, shoga!" Derna alimwambia Iside. "Jogoo huyo!"

Iside alikuwa amekodoa kweli. Jua la asubuhi lilikuwa nyuma ya tanga, likipenya kitambaa kilichochakaa, na kifuani mwa jogoo, chini ya rangi nyekundu, gurudumu lilionekana zima, na spoki zake zote.

Makofi yakakoma.

"Lishushe," Derna alisema. "Oddone, lishushe!"

"Liache." Iside hakupaza sauti, na hilo lilimtisha Derna kuliko matusi. "Baba yako aliliopoa tanga letu baharini, akalipaka rangi, akanyamaza. Mama yangu alisimama hapa hapa, Derna. Kila jioni baba yako alimpita nalo."

Derna alitafuta tusi la kujibu. Matusi yote aliyoyajua yalikuwa ya kumtukana Iside, na hakuna hata moja la kumtupia baba.