Zamu ya Nyonga ya Jemedari

“Hivi Mama Pius, umefika mahali pa kumwamkia mbwa?”

Josephat aliuliza hivyo asubuhi moja akiwa upande wake wa ua wa minyaa, mswaki mdomoni, povu likimdondokea kidevuni. Odeta, ambaye majirani wa Butimba walimwita Mama Pius kwa jina la mwanawe, alikuwa amesimama mlangoni pa jiko na sufuria ya uji mkononi. Kweli alikuwa amemwamkia. Alikuwa ametoka misa ya asubuhi, njiani ameamkia wazee wengi, na alipofika nyumbani akamkuta Jemedari amejilaza juu ya gunia lake, pua imezungukwa na mvi, macho yamefunga ukungu. Mdomo ukamtoka wenyewe: “Shikamoo.” Kisha akaona haya. Lakini kwa kuwa alikwisha kusema, akainama kidogo, akasubiri, kama anavyosubiri mtu aliyelelewa vizuri.

Jemedari akapiga mkia chini mara moja. Hapohapo maumivu yakaingia kwenye nyonga ya kushoto ya Odeta, na mbwa akainuka, akanyoosha mgongo, akaenda kukojolea mpapai ambao hakuwa ameufikia tangu masika.

“Nimemwamkia,” Odeta akajibu, “na ameitikia.”

“Basi mwulize ameamkaje.”

“Ameamka vizuri. Nyonga yake ninayo mimi.”

Josephat akamtazama anavyochechemea, akamtazama mbwa anavyotembea, akasuuza mdomo. “Na mbwa wangu Bosi je? Ataitikia?”

Jemedari aliletwa na marehemu mume wa Odeta kutoka Usagara, ndani ya kikapu cha baiskeli, akiwa mdogo kama kiatu. Mume alipofariki, mbwa alilala mlangoni msiba mzima, na watu wakawa wanamruka kuingia ndani bila kumfukuza. Odeta hakuwa mtu wa kuongea na mbwa. Alimpikia dona kwa dagaa aliowasaga, alimtoa kupe, alimpaka mafuta kwenye viwiko vilivyoota sugu, na jioni akisali rozari alimwacha alale miguuni pake. Kila alipotaja tendo la uchungu la rozari, mbwa alihema kwa nguvu, na Odeta alimhesabia hilo kuwa kuitikia.

Nyonga ilimsumbua siku hiyo yote. Kesho yake, alipoinama kumpa Jemedari uji, ikarudi kwa mwenyewe. Odeta alisimama wima, na mbwa akaanguka juu ya gunia akilia kidogo. Ndipo ilipojulikana kwamba hailali kwa mtu siku mbili mfululizo, na kwamba atahitajika mtu mwingine.

Josephat alikuwa wa kwanza. Aliruka ua na suruali yake ya kazini, akainama mbele ya Jemedari, akaamkia, akasubiri. Akaenda kazini mjini akiburuza mguu. Waliomwuliza aliwaambia ni nyonga ya mbwa wa jirani, wakampa pole.

Baada ya hapo mambo yakapata utaratibu. Jasuben, mwenye duka la vitambaa, ambaye mbwa wake Moti alikuwa amepofuka, hakuzoea maneno yale. Alifanya kama alivyofundishwa kwao: aliinama, akagusa miguu ya mbele ya Jemedari, kisha akagusa paji la uso wake mwenyewe. Nyonga ikahama vilevile. Rose, muuza sato wa kukaanga, alikuwa na mbwa kijana asiyeumwa chochote, lakini alisema hata huyo atazeeka tu, bora ajiwekee akiba kwa watu. Rose alijaribu kumwamkia Bosi kwa Kisukuma, “Mwangaluka, baba,” na Bosi akaitikia vizuri sana, ila badala ya goti lake bovu akampa kikohozi. Rose alikaa na kikohozi hicho sokoni, na kila alipokohoa mbwa waliolala chini ya meza za samaki waliinua vichwa.

Siku Odeta alipobeba macho ya Moti, alichambua mchele kwa kupapasa. Hakulalamika. Moti siku hiyo aliona kuku, ziwa na mawe yaliyobebana kule mlimani, akabweka kila kimoja kwa zamu.

Roho ilimsuta Odeta kidogo, akaenda kumwuliza katekista kama kuna dhambi. Katekista alifikiri. “Kumwamkia siyo kumwabudu,” akasema. “Ila usimpigie goti.” Kisha akauliza kama kuna zamu iliyo wazi siku ya Alhamisi.

Jumapili baada ya misa walikutana uani kwa Odeta. Walikunywa chai, waligawana dawa ya minyoo, walipeana habari za bwana mifugo amepatikana wapi, na kila mtu alisema atabeba nini na lini. Odeta akawa anafungua kwa sala. Katika sala hiyo alimshukuru Mungu kwa majirani, maana tangu afiwe hakuwahi kuwa na watu wengi hivyo uani kwake wasiomjia na mkeka wa matanga.

Kwa Josephat alishukuru zaidi. Hakuna aliyebeba kama yeye. Nyonga, goti, kikohozi, hata kuharisha kwa Moti, ambako wengine waliomba kurukwa, yeye alikuchukua akakaa nako chooni bila kinyongo.

Sasa, Josephat alikuwa na baba. Mzee Luhaga aliletwa kutoka Kisesa mkewe alipozikwa, akawekwa chumba cha uani. Chakula alipata, shuka zilifuliwa. Miguu yake ilikuwa imekufa ganzi. Alikaa kwenye kiti mlangoni, na Odeta alimwona kupitia ua.

Siku zote Odeta alikuwa akimpitishia shikamoo juu ya minyaa huku anakimbilia sufuria, na hakuna kilichowahi kuhama. Baada ya mambo ya Jemedari akaona tofauti ilipo. Akazunguka, akaingia kwa geti, akasimama mbele ya mzee, akainama, akasubiri.

“Marahaba, mama,” mzee akasema, na mgongo wake ukaingia kwa Odeta. Mzee akaketi wima, akacheka. “Kumbe ndiyo hiyo mnayowapa mbwa?”

“Ndiyo, baba. Tusamehe, tulianzia kule.”

“Hapana ubaya. Mbwa hawasemi.”

Rose akaja akachukua maumivu ya meno. Jasuben akagusa miguu, akaondoka na mtetemeko wa mikono. Lakini ganzi ya miguu haikutoka kwa yeyote. Kila aliyeinama aliondoka na kitu kingine, na miguu ikabaki pale pale.

“Hiyo siyo ya kwenu,” Mzee Luhaga akamwambia Odeta. “Hiyo inamngoja mwenye nayo. Nami sitaki akae nayo. Siku moja tu. Nifike Kisesa kwa mama yake kwa miguu yangu, nipalilie kaburi. Nasikia nyasi zimefika kwenye msalaba.”

“Josephat hajakuamkia?”

“Asubuhi anapita. ‘Habari ya asubuhi, mzee,’ yuko getini.”

Odeta alimngojea Josephat kwenye ua, jioni anapomwaga maji ya mbwa.

“Baba yako anataka umwamkie.”

“Namsalimia kila siku, Mama Pius.”

“Hujainama.”

Josephat aliiweka ndoo chini. “Ya mbwa ina zamu,” akasema. “Kesho unampa mwenzako. Ya mzee nikiipokea na isiporudi? Nina kazi mimi.”

“Mgongo niliochukua umemrudia, meno ya Rose yamemrudia.”

“Ninyi siyo wanawe.”

“Na ikikukalia tutakuwa wapi sisi? Jemedari umembeba na siyo wako.”

Josephat akamwita Bosi, akampangusa tongotongo kwa kidole, taratibu, kama mama.

Jumapili iliyofuata Odeta na Rose walimbeba Mzee Luhaga na kiti chake cha plastiki, wakamleta uani kabla ya wengine. Alikuwa amevaa shati jeupe na viatu. Viatu vilikuwa vimepakwa rangi. Jembe dogo la palizi alilikumbatia mapajani. Hakuna aliyemwuliza.

Josephat alifika na Bosi kwenye kamba. Ilikuwa zamu yake ya nyonga. Alimwona baba yake, akaona viatu, akaona jembe. Odeta akasali sala fupi kuliko siku zote. Mzee Luhaga alikuwa amejisogeza mbele, mkono umenyooka kidogo, kama mtu aliyekwisha kupokea kitu.

Josephat akapita mbele ya kiti, akaenda kwenye gunia. Akainama mpaka uso wake ukakaribia pua yenye mvi.

“Shikamoo, Jemedari.”

Akasubiri kwa heshima zote. Mkia ukapiga chini mara moja. Josephat akakunja uso, nyonga ikamkaa, na Jemedari akainuka, akajikung'uta vumbi.

“Asante, Josephat,” Odeta akasema, na alimaanisha. Machozi yakamjaa, kwa sababu mbwa wa mumewe alikuwa anatembea, na kwa sababu ya viatu vile. “Mungu akubariki, mwanangu.”

“Marahaba,” Mzee Luhaga akasema.

Hakuna aliyekuwa amemwamkia. Majirani wakatazama chini. Rose akasogeza vikombe ambavyo havikuhitaji kusogezwa. Hakuna kilichohama.

“Marahaba, mwanangu,” mzee akasema tena, kwa sauti ya mtu anayemsaidia mtoto kukumbuka.

Josephat akaokota kamba ya Bosi, akaizungusha mkononi. Jemedari akamsindikiza mpaka getini kama mwenyeji yeyote anavyosindikiza mgeni, akikanyaga sawasawa kwa miguu yote minne, na Josephat akatoka akiburuza mguu wa kushoto.